Tuliokula Sahani Moja

Kipili,
14 Oktoba 1975

Dada Klementina,

Sikuamkii na sikuulizi hali. Najua hujambo. Mtu anayeweza kulala usingizi baada ya kunifanyia hivi hawezi kuwa mgonjwa.

Jana kaka yangu Huseni alifika hapa na gari la Baba. Siku zote akishuka kuchukua samaki hupiga honi kule gatini, ananiletea sukari ya dukani kwetu, tunasalimiana, anaondoka zake. Jana hakupiga honi. Mimi nikiwa darasani na watoto wa la tatu, yeye aliingia nyumbani kwangu na viatu vyake, akapekua chumbani, akapekua jikoni, akamwaga unga wote chini eti anatafuta mtu ndani ya pipa. Mume wangu Abdala alipomwuliza kulikoni, alimwita bwege asiyejua mke wake anaficha nini. Niliporudi nikakuta majirani wamejaa uani kama tumefiwa.

Ndipo nikaelezwa. Kwamba Baba alikuja hapo Chemchemi kumtoa mdogo wangu Kulsumu shuleni, maana amempatia mume, yule mtu wa malori wa Mpanda mwenye ndevu za hina. Kwamba wewe, mwalimu wa malezi, ulimtazama Baba usoni ukamwambia amechelewa, Kulsumu alichukuliwa jana yake na dada yake Mwasiti. Ati nilikuja mwenyewe, nikamfungia mizigo, nikaondoka naye.

Mimi? Tangu kabla ya mfungo wa Ramadhani sijatoka Kipili, hata Namanyere sijapanda. Nilimwambia Huseni sina mtoto na sijamwona. Akacheka. Akasema walijua nitakana, na kwamba Baba amesema nisikanyage kwake mpaka nimrudishe.

Sasa nijibu. Kama Kulsumu hayuko kwangu, wala kwa Baba, wala kwako, yuko wapi? Mtihani wa kidato cha nne unaanza mwezi ujao. Amesoma miaka kumi na mmoja kwa ajili ya mtihani huo mmoja. Akiukosa, yule wa Mpanda anamsubiri.

Nilikukabidhi wewe, si mwingine. Alipoingia kidato cha kwanza nilimleta kwa mkono wangu, nikakwambia, huyu ni damu yangu, mpe sahani. Na wewe unajua neno hilo kwetu sisi lina uzito gani. Msichana mgeni anapewa dada mkubwa, wanakula sahani moja mpaka mkubwa amalize shule, na baada ya hapo ni sahani yake mpaka kaburini. Mimi nilikuwa Mwislamu peke yangu bwenini, enzi za masista shule ilipokuwa bado ya kati, na siku za nguruwe uliacha nyama yako ukala maharage na mimi ili nisione haya. Mpaka leo nikikutaja kwa watu sisemi rafiki yangu. Nasema sahani yangu.

Barua hii nampa mkunga wa zahanati anayepanda kesho, maana sitaki iguswe na Huseni. Nijibu haraka.

Mwasiti


Shule ya Wasichana Chemchemi,
18 Oktoba 1975

Ndugu Mwasiti Zubery,

Barua yako imefika.

Kama nilivyomweleza Mzee Zubery, Kulsumu aliondoka hapa na wewe. Hilo ndilo nililosema na ndilo nitakaloendelea kusema kwa yeyote atakayeniuliza. Nakuomba uangalie asome kila siku, hasa hesabu, na ale vizuri. Mtihani unaanza Jumatatu tarehe 10 Novemba.

Huku hatujambo. Tunatayarisha shamba la ujamaa tukingoja mvua. Wasichana wanalalamika mikono, kama tulivyolalamika sisi.

Juzi nilipita ghalani nikakumbuka habari ya sukari ya masista. Nakuomba na wewe uikumbuke.

Ndugu yako katika ujenzi wa taifa,
Klementina
Mwalimu wa Malezi


Kipili,
25 Oktoba 1975

Kwa Ndugu Mwalimu wa Malezi,

Umeniita ndugu, nami nimekuita ndugu. Tumefika huko.

Nimeisoma barua yako mbele ya Abdala, akaniuliza kama huyu mwanamke ni mzima. Nikuulize mtoto aliko, unaniambia nimlishe vizuri! Nimlishe nani? Tangu mzozo huu uanze sipati usingizi, na darasani nimempiga mtoto wa watu kwa kosa la kudondosha chaki. Huseni akipita hapa na gari hanisalimu. Mama mzazi wa Kulsumu, mke mdogo wa Baba, ambaye hajawahi kunitamkia neno baya, amenitumia salamu kwamba sina tofauti na mwizi wa watoto.

Halafu unanikumbusha sukari. Loo, Klementina. Ndiyo, nakumbuka. Nilikuwa mgeni, darasa la tano, nikaingia stoo ya masista nikalamba sukari kwenye kopo. Sista alipouliza ni nani, wewe ulisimama kabla yangu ukasema, "Ni sisi." Hukuilamba hata chembe. Tukasaga ulezi kwenye jiwe juma zima wenzetu wakicheza, na hukuniuliza kwa nini mpaka siku tulipomaliza adhabu. Sasa unanidai? Miaka yote hii ulikuwa umeiweka ile adhabu kifuani, ukingoja siku ya kunitolea?

Na kama ni kukumbushana, mimi nakumbuka zaidi yako. Baba alipokuja kunitoa mimi shuleni, nikaolewe Tunduma, ni nani alinificha ndani ya ghala nyuma ya magunia? Si wewe? Ukamwambia Baba nimepelekwa hospitali, na Marsiana, huyuhuyu mshonaji wa Izia, aliyekula sahani moja na wewe kabla yangu akabaki kuwashonea masista, akadakia bila hata kuulizwa kwamba ameniona nikipakiwa. Mkasimama mbele ya Baba kama nguzo mbili. Kwa ajili yenu nikasoma, kwa ajili yenu leo naitwa mwalimu. Mwanamke yule wa ghalani amekwenda wapi? Umepewa cheo na ofisi, sasa mdogo wangu anakupotea mikononi, na badala ya kumtafuta unanitupia mimi lawama ili kiti chako kisitikisike.

Basi sikiliza. Tarehe 1 Novemba mna mkutano wa wazazi. Baba atakuwepo. Nitapanda, nitasimama mbele yao wote, nitashika msahafu niape kwamba sijamchukua Kulsumu. Halafu wewe utawaeleza watu umempeleka wapi. Wewe ndiye uliyenifundisha nisinyamaze nikionewa, na somo hilo nimelishika vizuri.

Barua hii nampa Huseni kwa mkono wangu. Aifungue akitaka. Mimi sina cha kuficha.

Mwasiti Zubery


Chemchemi,
4 Novemba 1975

Mwasiti,

Hii inaletwa na Oswaldi, mpishi wetu wa shule, anayekwenda kwa shemeji yake huko Kipili. Ameapa kutoitoa mfukoni mpaka akuone wewe. Laiti ningempata mtu wa namna hiyo mwezi uliopita, lakini hakukuwa na anayeshuka, na barua za Kipili zote zinapanda na kushuka kwenye gari la baba yako. Ulijua hilo. Wewe mwenyewe ulinitumia ya kwanza kwa mkunga kwa sababu ulijua. Ya pili ulipompa Huseni ilinifikia imefunguliwa na kubandikwa upya kwa ugali.

Kulsumu alikuwa Izia kwa Marsiana.

Soma tena hapo, halafu keti chini. Alikuwa Izia, hapa hapa mjini, chumba cha nyuma cha cherehani, anasoma kutwa, anakula sahani moja na Marsiana. Baba yako alipotuma habari kwamba anakuja kumchukua, nilimtoa kwa mlango wa jikoni nikampeleka mwenyewe. Mwalimu mkuu hajui kitu. Nilihitaji wiki nne tu. Kama ningemwambia Mzee Zubery kwamba mtoto ametoroka, angekwenda kutafuta kila nyumba ya mjini. Nikasema yuko kwako, kwa sababu Kipili ni mbali, kwa sababu umeolewa na mumeo ni mtu mpole, na kwa sababu nilikuwa na hakika na jambo moja: kwamba mbele ya watu, neno la sahani yako ni neno lako. Unalibeba kwanza. Kuuliza ni baadaye, ndani, mkiwa wawili.

Ndiyo maana nilikukumbusha sukari, wewe mwanamke. Sikuwa nakudai! Nilikuwa nakuomba usimame useme, "Ni sisi."

Ulipokana kwa Huseni haikudhuru kitu, nilijua hawatakuamini. Hata hasira yako ilitusaidia, walidhani unajifanya. Lakini ukaja Jumamosi. Ukasimama katikati ya wazazi umevaa buibui lako la Idi, ukaushika msahafu mbele ya baba yako, ukaapa. Nani asiyeamini kiapo cha binti yake mwenyewe? Nilikuwa nakutazama machoni muda wote. Hukunitazama hata mara moja. Halafu ukaninyooshea kidole ukaniambia, "Sema mbele ya watu umemuuza kwa nani."

Nilinyamaza, ulinisikia. Mwalimu mkuu aliniamuru niseme, nikanyamaza. Baba yako alinitukana mimi na marehemu mama yangu, nikanyamaza. Wewe uliona ni kiburi. Ulipanda gari ukarudi kwa mumeo ukiwa umeshinda.

Na kumtafuta hawakuhangaika, maana jina la Marsiana na mahali anapoishi uliwaandikia mwenyewe. Jana Huseni amekwenda Izia moja kwa moja na vijana wawili. Marsiana alijilaza mlangoni. Wamemruka. Kulsumu ametolewa na kalamu mkononi.

Ndoa ni Ijumaa. Mtihani ni Jumatatu. Mimi nimesimamishwa kazi tangu asubuhi, wanasema mpaka bodi ikae, lakini uso wa mwalimu mkuu umekwisha niambia. Hilo silalamiki. Ninacholalamika ni kwamba nilikufundisha kusema, nikajisifu kwa watu kwamba Mwasiti wangu haonewi, na kumbe sikukufundisha kusubiri hata dakika.

Usinijibu.

Klementina


Kipili,
6 Novemba 1975

Dada Klementina,

Umesema nisikujibu. Nitajibu.

Oswaldi alinikuta nikiwa darasani. Niliisoma barua yako nimeegemea ukuta wa nje, na watoto wakatoka mmoja mmoja kumtazama mwalimu wao akilia. Siwezi kujitetea kwa kile nilichokifanya na sijaribu. Ile barua nilimpa Huseni nikiwa najiona shujaa.

Lakini na wewe unibebee lako. Ulinitwika mimi, mke wa mtu, mwenye wakwe, mwenye kazi, bila kuniuliza. Ukakaa huko juu Ufipa ukategemea nitaelewa habari ya kopo la sukari kwa mbali namna hii, huku nyumba yangu inamwagwa unga na mtoto sijui kama ni mzima au ameliwa na fisi. Mimi si wa darasa la tano tena. Bwenini ilikuwa rahisi, uliyemficha ulikuwa unamwona. Mimi nilipewa lawama bila kupewa mtoto. Ungenitumia neno moja tu, "mzima", ningelibeba hilo gunia lako mpaka mwakani.

Abdala amepata mtumbwi wa injini wa mtu wa Kirando, atanifikisha huko, na kutoka hapo nitadandia chochote kinachopanda. Nakwenda kwa Baba. Sijui nitafanya nini nikifika. Nina hasira na wewe, na nina hasira na mimi zaidi.

Mwasiti


Chemchemi,
23 Novemba 1975

Kwa Dada Mwasiti na kwa Mwalimu Klementina,

Shikamooni nyote wawili.

Nawaandikia barua moja, nimeinakili mara mbili neno kwa neno, ili pasiwepo wa kusema aliambiwa tofauti. Mtihani tulimaliza Ijumaa. Niliufanya wote. Hesabu ya pili ilikuwa ngumu, mengine yote nilijibu. Nilitaka nimalize kwanza ndipo niseme yaliyo moyoni mwangu, na sasa nitayasema.

Kwanza mjue yaliyotokea Ijumaa ile ndani, maana Dada Mwasiti ulizuiliwa getini na Kaka Huseni ukaishia kuning'inia kwenye seng'enge ukipiga kelele, na Mwalimu hukuwepo kabisa.

Nilikuwa nimekalishwa kitandani kwa Mama, nimepakwa hina miguuni, nimefunikwa kanga. Shangazi Mwantum alikaa ubavuni mwangu, akaniambia kwamba watakuja watu wawili waliotumwa na shehe kuniuliza kama nimemruhusu Baba aniozeshe. Akasema, "Wewe nyamaza tu, mwanangu. Kwa mwanamwali kunyamaza kunatosha." Alisema kwa upole kabisa, huku ananitengenezea kanga.

Nikakaa nikafikiri. Wiki zote tatu nilizokaa Izia niliambiwa ninyamaze. Nisikohoe wateja wakija kushonesha, nisiende kisimani, nisimwandikie mtu. Nilipomwuliza Mwalimu kama Dada Mwasiti anajua niliko, aliniambia, "Anajua inavyotakiwa." Nikamwamini. Kumbe hujui kitu, Dada, na unatukanwa kwa ajili yangu, na mimi niko chumba cha nyuma nakula ugali. Mwalimu, ningelijua ningeandika mwenyewe mstari mmoja, na Dada Marsiana angepata mtu wa kuupeleka hata kwa miguu. Ulinichukulia mimi kama gunia lile la ghalani. Linafichwa, haliulizwi.

Na wewe Dada Mwasiti, ulishika msahafu kwa jina langu mbele ya ukumbi mzima. Ulifika mjini siku nzima kabla ya mkutano. Ungeweza kumfuata Mwalimu nyumbani kwake, ukafunga mlango, ukamnyonga shingo ukitaka, lakini ukamwuliza. Hukutaka kuuliza. Ulitaka kuonekana umeonewa.

Basi wale wawili waliingia. Mmoja akauliza kwa taratibu zote, jina langu, jina la Baba, jina la yule mtu na mahari yake. Shangazi alinibana mkono chini ya kanga. Nikasema, "Sitaki."

Akadhani hakusikia vizuri, akauliza tena. Nikajifunua kanga usoni nikasema, "Sitaki. Mwambieni shehe kwamba Kulsumu binti Zubery ameulizwa na amesema hataki." Mama akaanza kulia. Wale watu wakatoka. Nikamsikia shehe huko nje akimwambia Baba kwamba yeye hana ndoa ya kufunga hapa, akaomba kandambili zake.

Nilingoja kipigo. Baba hakunipiga. Aliingia, akasimama mlangoni, ananitazama kama mtu asiyemfahamu. Kwa siku zile Baba amekonda, mjue. Wamemwambia duka lake mwakani linaweza kuwa la ujamaa, na yule wa Mpanda alikuwa amemwahidi kumshirikisha kwenye malori. Namhurumia, na bado sitaki. Aliniambia nichukue vitu vyangu, nisirudi mpaka aniite mwenyewe. Nikatoka kwa mlango wa mbele, kati ya wapishi na masufuria ya pilau, na hina miguuni. Wewe Dada ulinikumbatia pale getini ukataka kuanza kuniomba msamaha, nikakwambia niache nina mtihani. Ndiyo sababu. Sikuwa na nafasi ya machozi yako.

Mwalimu mkuu hakutaka kunipokea, lakini namba yangu ya mtihani ilikuwepo na meza yangu ilikuwepo. Nikaikalia.

Sasa kuna kitu kimoja nataka mkijue. Mimi nina mgeni wangu hapa, Kristiana, wa kidato cha kwanza, ninayekula naye. Niliporudi nilimkuta jikoni na sahani yetu. Siku zote nilizokuwa sipo alikuwa anakula upande wake tu. Upande wangu aliuacha na ugali wake, akausukumia kwa mbwa wa mlinzi baada ya kila mlo, kwa sababu hakuna aliyemwambia kama nitarudi au la. Hakuna aliyemwambia kitu. Nilikaa naye nikala, nikamwambia, mimi nitakubeba, na wewe utanibeba, lakini siku nikisema neno juu yako usilolijua, nishike mkono uniulize hapo hapo, hata kama Rais yuko mbele yetu. Amekubali. Hiyo ndiyo kanuni kuanzia sasa, na wengine wawili bwenini wamekwisha ichukua.

Nasikia Mwalimu umepewa uhamisho wa Wampembe, unaondoka baada ya Jumapili. Nasikia pia kwamba hamjaandikiana tangu siku ile, kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Mimi nimechoka na ninyi. Ninyi ndio mlionifanya niweze kufungua mdomo mbele ya wale watu, wote wawili, kwa mema yenu na kwa ujinga wenu, na sasa mnakaa mmenuniana kama watoto wa darasa la tano.

Jumapili nitakuwa Izia kwa Dada Marsiana. Amepata samaki wa ziwani, migebuka, atasonga ugali wa ulezi. Dada Mwasiti, panda hata kama ni juu ya magunia ya dagaa. Mwalimu, nyumba yako na Izia ni mwendo wa saa moja, huna kisingizio. Mtawekewa sahani moja katikati yenu, mtakula, na mtatukanana mpaka yaishe. Hatutawaingilia.

Mimi nitajipakulia yangu.

Kulsumu